Mkoba wa Chupa Kumi na Tano

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 11 Machi, saa nne asubuhi, wakati wa uji.

Siku hiyo ilianza kama siku zote nyumbani kwetu Mafinga. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya misonobari. Niliamka saa kumi na moja, nikawasha moto, nikamchemshia binti yangu Tumpe maji ya kuoga, maana maji ya Mafinga asubuhi yanauma kama siafu. Tumpe alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita. Alivaa sweta mbili, ya marehemu mama yake chini na ya shule juu, akanywa chai kwa kiazi kitamu.

"Jana ulimeza dawa, mama?" nilimwuliza. Binti yangu mimi humwita mama. Ndivyo tunavyowaita mabinti tunaowapenda.

"Nilimeza, baba. Tazama kalenda."

Nikatazama kalenda ukutani. Tarehe 10 ilikuwa na alama ya vema, sawa na tarehe zote zilizotangulia. Nikaridhika. Tumpe ana kifafa tangu akiwa na miaka saba, na kile kidonge kimoja cha kila jioni kilikuwa kimeufunga ugonjwa ule kama mbwa mkali anavyofungwa mnyororo. Mwaka mzima na nusu hakuwa ameanguka hata mara moja.

Nikaenda kiwandani. Kazi yangu ni kupanga mbao. Mashine ikishapasua gogo, mbao mbichi huja kwangu, nami nazipanga tabaka juu ya tabaka, katikati naweka vijiti ili upepo upite. Zikikaa zinakauka, zinakuwa nyepesi na imara. Ni kazi ya subira na mgongo, haina mengine.

Saa nne na nusu simu ikatetemeka mfukoni. Nilitoka nje, mbali na kelele za msumeno. Alikuwa Mwalimu Bartolomeo, mwalimu wa darasa la Tumpe.

"Baba Tumpe, njoo zahanati. Usikimbie ukaumia na wewe, lakini njoo."

Nilikimbia.

Yaliyotokea nilisimuliwa baadaye. Tumpe alikuwa kwenye foleni ya uji, kikombe mkononi. Mara akaanguka, chali, karibu kabisa na mafiga, akaanza kutikisika. Mkono wake wa kushoto ukaegemea jiwe la moto.

"Msimguse! Povu lake linaambukiza!" mtoto mmoja alipiga kelele, na foleni nzima ikarudi nyuma. Nasikia hata mtu mzima mmoja alirudi nyuma, lakini huyo simtaji.

Aliyekwenda mbele ni Lea peke yake, yule anayekaa naye dawati moja. Alimshika Tumpe sweta akamburuta mbali na moto, akamlaza ubavu, akavua sweta yake mwenyewe akaikunja na kumwekea chini ya kichwa. Hakumtia kijiko mdomoni kama wengi wanavyofanya. Alikaa tu pale, mkono begani kwa mwenzake, mpaka mtikisiko ulipokwisha.

"Wewe hukuogopa?" nilimwuliza Lea.

"Niliogopa," alisema. "Lakini Tumpe alishaniambia ikitokea nifanye nini. Sasa na mimi nikikimbia, aliniambia ya nini?"

Zahanati nilimkuta Tumpe amelala kitandani, mkono umefungwa bandeji, macho mazito ya usingizi. Nesi alikuwa Sista Sabina, mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo, aliyehamia kwetu mwaka uliotangulia.

"Baba Tumpe, pole," alisema. "Dawa anameza kila siku?"

Swali la kawaida tu. Lakini mimi nilikuwa nimejaa, na mtu aliyejaa huhitaji tone moja tu kumwagika.

"Anameza kila siku!" nilifoka, mpaka watu wa kwenye benchi nje wakageuka kututazama. "Ninyi ndio mnatupa dawa ya chokaa! Desemba mlituambia hakuna, wiki mbili! Na mama yake mlimwambia vivyo hivyo. Ijumaa dawa ya presha hakuna, rudi Jumatatu. Jumatatu mimi nilikuwa makaburini! Sasa mnamtaka na mtoto?"

Sista Sabina hakunijibu kwamba siku zile za mama yake Tumpe yeye hakuwepo. Alimimina maji kwenye kikombe akanipa.

"Mnyweshe kwanza. Halafu keshokutwa niletee dawa zake zote zilizobaki, pamoja na hiyo kalenda."

"Kalenda nitakuletea! Tena nitaibandika hapahapa ukutani, kila mtu aione!"

Nikambeba mwanangu mgongoni, nikatoka nimevimba kama chura. Nilikuwa na ushahidi wangu.

Kesho yake niliomba ruhusa kiwandani, nikakaa nyumbani. Tumpe alikuwa amejilaza mkekani karibu na dirisha, na simu ya mama yake mkononi. Marehemu mke wangu, Rozalia, aliacha vitu vichache, na simu ile yenye ufa pembeni nilishindwa kuitoa kwa mtu yeyote. Tumpe aliichezea gemu. Nilikuwa nikimwona siku zote, na siku zote nilikuwa nikisema, "Acha hayo, osha vyombo." Kumwuliza anacheza nini sikuwahi.

Siku ile niliketi kando yake.

"Gemu gani hiyo, mama?"

Alinitazama kama vile ameulizwa na mgeni. "Ya kupigana, baba. Huyu mwenye mkuki ndiye mimi. Napanda mlima. Kuna milango saba, na kila mlango una mnyama. Ukiumizwa unakunywa chupa ya dawa, nguvu zinarudi."

"Na hizo chupa unazitoa wapi?"

"Unavunja vyungu, nyingine zimo humo. Au unachuma majani, unampelekea mzee muuza dawa, anakutengenezea. Shida ni mkoba. Mwanzoni mkoba unabeba chupa tano tu. Ukitaka kubeba zaidi unatafuta ngozi za nyati. Ukipata tatu, fundi anakushonea mkoba wa chupa kumi. Ukipata nyingine sita, wa kumi na tano." Akatabasamu, mara ya kwanza tangu jana. "Mimi ninao wa kumi na tano. Lea bado yuko kwenye kumi, analia kila siku."

"Kumi na tano! Mbona wewe ni bohari! Hebu nionyeshe unavyopigana."

Akaanza. Alikuwa kwenye mlango wa nne, na wanyama wenyewe walikuwa fisi wawili, wala si wakubwa. Alichoma mmoja. Wa pili akamng'ata mguu, na ule mstari mwekundu juu ya kioo ukapungua.

"Kunywa chupa," nilimwambia.

"Bado."

Fisi akang'ata tena. Mstari ukabaki kama ukucha.

"Mama, kunywa! Fisi anakumaliza!"

"Bado, baba. Hizi ni za jitu la mlango wa saba."

Fisi akaruka. Yule msichana wa kwenye simu akapiga magoti, kioo kikawa cheusi. Chini kabisa, mkoba ulionekana: chupa kumi na tano, hata moja haikufunguliwa.

"Umekufa," nilisema.

"Ndiyo."

"Na lile jitu la mlango wa saba, limekaaje?"

"Sijawahi kuliona."

"Umekufa mara ngapi namna hii?"

"Nyingi."

Nilicheka. "Sasa mwanangu, hizo chupa unambebea nani? Fisi?"

Yeye hakucheka. Aliweka simu chini polepole, akaingia chumbani, akarudi na boksi la viatu vya Jumapili vya mama yake. Ndani ya boksi mlikuwa na kopo la majani ya chai. Akaliweka mapajani pangu.

"Usinipige, baba."

Nilifungua nikamimina kiganjani, vikafurika mpaka mkekani. Vidonge. Nilihesabu mara mbili kwa sababu macho yalikuwa yanakataa. Vilikuwa thelathini na tisa.

"Na kalenda je?" niliuliza.

"Nilidanganya. Tangu wiki ya Krismasi, siku moja nilimeza, siku moja niliweka. Lakini vema niliandika zote."

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nikakumbuka jiwe la moto, nikakumbuka nilivyomfokea Sista Sabina mbele za watu. Lakini nilimwona amekunja ule mkono wa bandeji kifuani, nikaanza kuvirudisha vidonge koponi, kimoja kimoja.

"Kwa nini, mama?"

"Wewe ulisema. Desemba, tuliporudi bila dawa. Ulisema nchi hii ukingoja wakubwa wakuwekee akiba utazikwa, kila mtu ajiwekee mwenyewe. Nikajiwekea."

Ni kweli nilisema. Maneno ya namna hiyo nilikuwa nayasema kila jioni juu ya ugali, kama wengine wanavyosali. Sikujua kwamba kuna mtu anayasikiliza na kuyafanyia kazi.

"Lakini thelathini na tisa? Zote hizi za nini?"

"Si zangu zote. Ishirini ni zako."

"Mimi sina kifafa, mwanangu."

"Najua. Lakini ukipata presha kama mama, halafu kwenye dirisha la dawa wakasema hakuna, mimi ningewapelekea hizi wabadilishe. Kwenye gemu yule mzee anabadilisha. Ukimpa chupa mbili za bluu anakupa moja nyekundu."

Nisiwafiche, ninyi mnaosoma. Nililia. Mtoto alikuwa amejinyima dawa yake siku thelathini na tisa ili baba yake asife kama mama yake alivyokufa, na mimi siku hizo zote nilikuwa nikitazama vema kwenye karatasi. Nilimvuta karibu, nikamshika ule mkono mzima, tukakaa hivyo mpaka chai yetu ya asubuhi ikapoa.

"Umenikasirikia?" aliuliza.

"Umenidanganya, na hilo ni baya, na tutalizungumza. Lakini kwanza kesho tuna safari ya zahanati. Mimi nimetukana mtu."

Alhamisi ni siku ya kliniki ya watoto wachanga. Nilikuwa nimemwomba Mungu benchi liwe tupu, nikalikuta limejaa kina mama mpaka nje. Nilitaka kumwita Sista Sabina pembeni. Lakini kwetu mtu akitukanwa barazani hafutwi machozi chumbani. Nilisimama palepale mlangoni, nikavua kofia.

"Sista Sabina," nilisema, "juzi nilisema mnatupa dawa ya chokaa. Dawa ilikuwa nzuri. Mwanangu hakuimeza, na mimi sikuangalia. Nilikukosea. Nisamehe."

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema, "Eh! Leo Baba Tumpe kanywea!" Benchi zima likacheka, na mimi nikacheka nao, kwani ningefanyaje.

"Nimekusamehe tangu juzi," alisema Sista Sabina. "Ingieni, mnawazibia wenzenu njia."

Ndani alimwaga vidonge kwenye sahani. Baadhi vilikuwa vimepata rangi ya njano, vingine ukivigusa vinamomonyoka. Unyevu wa Mafinga unaingia hata ndani ya kopo.

"Hizi hazifai tena," alisema.

"Zote?" Tumpe aliuliza.

"Zote, mwanangu. Pole."

Kisha akavuta kiti, akakaa uso kwa uso naye. "Baba yako anafanya kazi gani?"

"Anapanga mbao."

"Mbao ukiiweka ikakaa, inakuwaje?"

"Inakauka. Inakuwa nzuri zaidi."

"Basi dawa si mbao. Kidonge ulichomeza jana ndicho kinachokulinda leo, na cha leo kitakulinda kesho. Ukiruka siku umetoboa ukuta, na ugonjwa haubishi hodi. Umenielewa?"

"Nimeelewa. Kama fisi wa mlango wa nne."

Sista Sabina alinitazama. Nikamweleza habari ya gemu, mkoba wa chupa kumi na tano, na kile kifo cha mkoba uliojaa. Alisikiliza yote bila kucheka.

"Sikiliza, Tumpe," alisema. "Kuweka akiba si kosa. Wewe una akili na una upendo, hilo nimeliona. Kosa ni kujinyima cha leo, na kosa kubwa zaidi ni kuandika vema ya uongo. Mimi na baba yako tungekupigania kwa dawa nyingine kali zaidi, kumbe tunapigana na kivuli. Uongo kwa mgonjwa ni ugonjwa wa pili. Ukiwa na hofu, iseme. Hofu ikisemwa, inabebwa na watu wawili."

Halafu akatushonea mkoba mwingine, wa kwake. Alituambia tusingoje vidonge viishe ndipo tuje. Tuje siku kumi kabla. Siku vikikosekana dirishani, tutakuwa bado na siku kumi mkononi, naye atakuwa na siku kumi za kututafutia kwenye zahanati nyingine. Akaandika tarehe kwenye daftari la Tumpe, akaipigia mstari.

"Na baba naye mpime presha," Tumpe alisema ghafla.

"Mimi mzima," nilisema.

"Mpime, Sista."

Nikafungwa ule mkanda mkononi. Sista Sabina akatazama namba, akanitazama mimi. "Imepanda kidogo. Si ya dawa bado. Punguza chumvi, fuata tarehe nitakayokupa, na punguza kugombana."

"Chumvi naweza," nilisema. Tumpe akacheka mpaka akajishika bandeji.

Jumatatu Sista Sabina alikwenda shuleni, akasimama mbele ya wanafunzi wote. Aliwaambia kifafa hakiambukizi, si kwa povu wala kwa kukaa dawati moja, akamwita Lea mbele aonyeshe namna ya kumlaza mwenzake ubavu. Wavulana wawili waligombania kuwa mgonjwa wa mfano. Nasikia yule aliyeshinda alijitikisa kupita kiasi mpaka Mwalimu Bartolomeo akamwambia, "Wewe sasa umepona, rudi ukakae."

Tangu hapo, kila jioni baada ya kula, mimi na Tumpe tunakaa pamoja. Yeye anameza mbele yangu, na vema naiandika mimi. Hajaanguka tena. Kwenye simu pia siku hizi anakunywa chupa zake akiumia, na amefika mlango wa sita. Mimi nashika mwiko wa ugali na kupiga kelele, "Kunywa!"

Lakini nisiwadanganye kwamba nimepatana na kila kitu. Siku moja tulipofuata dawa, Tumpe alimwuliza Sista Sabina kwa nini zinaisha. Sista akafunga mlango, akafungua daftari lake. Wagonjwa wa kifafa walioandikishwa pale ni sitini, naye huagiza za watu sitini. Zinazokuja ni za watu thelathini na watano.

"Naandika kila mara," alisema. "Sijajibiwa."

Mwezi Mei ukaitishwa mkutano wa mtaa. Wakubwa walikuja, wakakaa kwenye viti vya plastiki mbele yetu. Walizungumza barabara, wakazungumza michango. Maswali yaliporuhusiwa nilinyanyuka. Nilikuwa na maneno ya miaka miwili kifuani.

Tumpe alinivuta koti. "Baba, presha. Niache mimi niulize."

Nikakaa. Akanyoosha mkono, ule wenye kovu.

"Haya, mtoto, uliza," alisema mwenyekiti, akitabasamu.

Tumpe akasimama. Lea, aliyekuwa kando yake, akasimama naye, ingawa hakuwa na la kusema.

"Shikamooni. Mimi naitwa Tumpe, niko darasa la sita. Nina kifafa, na dawa yangu nameza kila siku, siruki hata siku moja. Zahanati yetu inaomba dawa za watu sitini, zinakuja za watu thelathini na watano. Mimi nilitaka kujua kitu kimoja tu."

Mwenyekiti hakuwa anatabasamu tena. Alimsikiliza mpaka mwisho, akafuta miwani yake, akasema ni swali zuri sana na litajibiwa kikao kijacho. Vikao viwili vimepita. Kwa hiyo naliandika hapa kama mwanangu alivyolisema, kwa sauti ile ile ya upole, labda atatokea wa kulijibu:

"Wale ishirini na watano wanaobaki, ni nani huwa anawachagua?"